Lile Zulia Chini ya Boneti: Lina Kazi Gani, na Lini Hugeuka Hatari?

Fungua boneti ya gari lako, kisha badala ya kutazama chini kwenye injini, inua macho utazame upande wa ndani wa boneti yenyewe. Katika magari mengi utakuta limebanwa hapo tandiko jeusi, nene kiasi cha kidole, lililoshikwa na klipu za plastiki za mviringo. Mengine yana ngozi inayong'aa ya alumini. Wengi wetu hulipita tu kwa macho. Tunapima oili, tunaongeza maji ya waipa, tunafunga boneti na safari inaendelea.

Halina jina moja la Kiswahili ambalo sote tumekubaliana. Hapa tutaliita zulia la boneti, maana ndivyo linavyofanana na, kama utakavyoona, ndivyo linavyofanya kazi.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kwa nini kitu kidogo hivyo kiandikiwe makala nzima. Sababu ni kwamba familia zetu nyingi huku ughaibuni huendesha magari yaliyokwisha kutumika miaka kumi au zaidi, na wanafunzi ndio zaidi. Katika umri huo zulia hili huanza kuchoka. Huchanika, huning'inia, hunywa oili, au hugeuka nyumba ya panya. Likiwa zima, ni msaidizi asiyesema neno. Likiwa bovu, linaweza kuanzisha moto hatua mbili kutoka walipokaa watoto. Kanuni ya kukumbuka ni fupi: ama liwe zima na limebanwa sawasawa, ama litolewe. Hali ya katikati ndiyo mbaya.

Kazi ya kwanza: kumeza kelele

Injini ya petroli ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huchoma mafuta mara 6,000 katika dakika hiyo, yaani mara 100 kila sekunde. Ongeza hapo mlio wa mikanda, feni, valvu na nozeli zinazopuliza mafuta. Juu ya vurugu hiyo yote pana bati la boneti, ambalo likiwa la chuma kwa kawaida halifiki unene wa milimita moja. Bati pana na jembamba likiwekwa juu ya kitu kinachotetema halina tofauti kubwa na ngoma.

Sasa kumbuka siku mlipohamia nyumba mpya, kabla vyombo havijaingia. Ukisema neno, sauti inakurudia kutoka ukutani. Mkishatandika mazulia, mkatundika mapazia na kupanga makochi, chumba kinatulia. Kuta ni zilezile, ila sasa kuna nyuzi nyingi za kuidaka sauti. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ikiingia katikati ya nyuzi, hewa husuguana nazo, na nguvu ya sauti hugeuka kuwa joto dogo mno lisilohisika.

Zulia la boneti hufanya hivyohivyo. Limetengenezwa kwa nyuzi za kioo, au polyesta, au mabaki ya pamba na nguo yaliyosagwa na kushikanishwa kwa gundi maalumu, au sponji ya aina inayostahimili joto. Hudaka vizuri sauti kali na nyembamba, kama ule mgongano wa "tik-tik-tik" wa nozeli. Mngurumo mzito hulipita, kwa sababu zulia ni jembamba mno kuuzuia. Ndiyo maana ukilitoa, gari halitanguruma kama lori, ila utasikia milio midogomidogo ambayo hukuijua. Magari ya dizeli yana mgongo wa sauti unaogonga zaidi, kwa hiyo mengi hutoka kiwandani na zulia zito zaidi.

Kelele hii haimhusu dereva peke yake. Wanaoishi Ulaya wanajua jinsi serikali zilivyo kali juu ya kelele za magari. Mwaka 1970 nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliweka kikomo cha desibeli 82 kwa gari la abiria linalopita. Sheria ya mwaka 2014 iliweka ngazi tatu za kushuka, kutoka 72 hadi 70, kisha 68 kwa magari ya kawaida. Njia ya kupima ilibadilishwa katikati, kwa hiyo huwezi kulinganisha tarakimu hizo moja kwa moja, lakini mwelekeo ni dhahiri: gari jipya linatakiwa lipite mtaani kwa utulivu. Watengenezaji hufikia hapo kwa mambo mengi, kuanzia matairi hadi ekzosi, na kuziba kelele za injini ni mojawapo.

Hata magari ya umeme hayakuliacha kabisa zulia hili. Hayana milipuko ya mafuta, lakini mota na vifaa vyake vya umeme hutoa mlio mwembamba kama wa mbu, na huo ndio aina ya sauti ambayo nyuzi huidaka vizuri.

Kazi ya pili: kuikinga boneti na joto

Moshi unaotoka kwenye silinda za injini ya petroli inayofanya kazi nzito unaweza kupita nyuzi joto 800 za Selsiasi. Moshi huo hupita kwenye bomba la chuma lililofungwa ubavuni mwa injini kabla ya kuelekea nyuma, na kama gari lina tabo, tabo nayo hupashwa moto huohuo.

Aliyewahi kukaa karibu na jiko la mkaa anajua kwamba joto halisubiri uliguse. Linakupiga usoni kutoka mbali, na ukiweka kiganja mbele ya uso, linakatika palepale. Zulia la boneti ni hicho kiganja. Hulizuia joto lisipande moja kwa moja kwenye bati, likaichosha rangi ya juu mapema. Pale penye ngozi ya alumini, joto hurudishwa kama mwanga unavyorudishwa na kioo. Ndiyo maana katika baadhi ya magari kipande hicho cha kung'aa kimewekwa mahali pamoja tu, juu ya sehemu yenye moto zaidi.

Kwa wasomaji wetu wa Ghuba jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu boneti zao hupigwa kutoka pande mbili: jua juu, injini chini. Tarehe 26 Juni 2018, huko Quriyat, Oman, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Gari likiegeshwa katika hali hiyo baada ya safari ndefu, sehemu ya injini huwa na moto zaidi dakika chache baada ya kuzimwa kuliko lilipokuwa likienda, maana upepo umekatika na maji ya rejeta yameacha kuzunguka. Katika magari mengi utasikia feni ikiendelea kuzunguka wakati tayari mmeshuka. Haijaharibika, inapooza.

Mambo matatu yanayosemwa sana

La kwanza ni kwamba zulia linaichemsha injini, kwa hiyo nchi za joto ni afadhali kulitoa. Si kweli. Injini hupozwa na maji ya rejeta, pampu ya maji, themostati, feni na oili. Gari likichemka njiani kati ya Muscat na Nizwa, dawa haiko kwenye boneti. Tazama kiwango cha maji, feni kama inawaka, rejeta kama imeziba, themostati kama inafunguka. Kulitoa zulia na kuendelea na safari ni kumpa mgonjwa wa malaria panadoli.

La pili ni kinyume chake: kwamba huko kwenye theluji zulia ndilo linaloipa injini joto. Husaidia kidogo sana injini isipoe haraka, lakini haliwezi kuipasha moto injini iliyolala nje usiku kucha. Wanaoishi Minnesota au Canada wanajua kifaa kinachofanya kazi hiyo, kile kinachofungwa kwenye injini na kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Kosa la hatari ni kutandika blanketi kuukuu au kadibodi juu ya injini ili isigande, kisha asubuhi mtu akawasha gari akasahau. Vitu hivyo havikutengenezwa kukaa karibu na chuma cha moto.

La tatu ni kwamba zulia linazima moto. Maneno haya yana chembe ya ukweli. Zulia la kiwandani kwa kawaida limetengenezwa lisishike moto haraka, na klipu zake za plastiki zikipata moto huyeyuka, kwa hiyo zulia linaweza kuanguka juu ya injini na kuubana moto kwa muda. Lakini moto wa petroli au wa oili inayoendelea kuvuja hauzimwi na kitambaa. Usilihesabu kuwa mtungi wa kuzimia moto. Lihesabu kuwa dakika moja ya ziada ya kuwatoa watoto nje, na hata hiyo usiitegemee.

Lini hugeuka hatari

*Likianza kuning'inia.* Klipu za plastiki hukauka na kukatika kwa joto la miaka mingi. Moja ikitoka, kona ya zulia hushuka. Zikitoka tatu, zulia linaweza kugusa mkanda unaozunguka, au kulalia bomba la ekzosi. Kwenye mkanda huvutwa na kuchanwa vipandevipande. Kwenye ekzosi huanza kuungua taratibu na kutoa harufu ya nguo iliyopitiwa na pasi ya moto.

*Likinywa oili.* Zulia lenyewe haliwaki kwa urahisi, ila likilowa oili au mafuta huwa kama utambi wa taa. Doa jeusi linalong'aa na kunata si uchafu wa kawaida. Pia lina habari ya kukupa: kuna mahali chini yake panavuja au panaruka matone. Kubadilisha zulia bila kutafuta uvujaji ni kufuta sakafu na bomba bado liko wazi.

*Likigeuka kiota.* Uingereza na Marekani, baridi inapoingia, panya na kuchakulo hutafuta mahali pa joto na makavu. Nyuzi za zulia ni godoro la bure. Mnyama akishahamia hachani zulia tu, hutafuna na nyaya. Waya uliomenywa karibu na majani makavu na nyuzi zilizochambuliwa ni vitu vya kuwashia moto vilivyopangwa tayari, na bili ya kutengeneza nyaya inaweza kuipita thamani ya gari la mwanafunzi.

*Likianza kumomonyoka.* Katika nchi za joto kali gundi inayoshikilia nyuzi hukauka, zulia likawa linadondosha unga mweusi juu ya injini. Kama ni nyuzi za kioo, zinawasha ngozi na kukera koo. Mlango wa hewa inayoingia ndani ya gari mara nyingi uko nyuma ya boneti, chini ya kioo cha mbele. Mpira mrefu unaopita hapo upo ili kuzuia moshi na vumbi la injini visifike huko. Ukichanika, ubadilishe.

Ukaguzi wa dakika tano

Chagua siku moja kila mwezi, injini ikiwa imepoa kabisa. Vijana walioanza kuendesha wahusisheni, ni somo zuri kwao.

1. Kabla ya kufungua, gonga boneti kwa kiganja mara mbili tatu, hasa asubuhi ya baridi. Paka hupenda kulala juu ya injini yenye vuguvugu.
2. Fungua, mulika tochi juu. Hesabu klipu. Penye tundu tupu, klipu imepotea.
3. Sukuma kingo za zulia taratibu kwa mkono wenye glavu. Likicheza au kushuka, halijabanwa.
4. Tafuta madoa ya oili, sehemu iliyobadilika rangi kuwa kahawia, na alama ya kusuguliwa. Kahawia ni joto kupita kiasi. Alama ya kusuguliwa maana yake kuna kitu kinaligusa.
5. Tafuta mashimo ya kutafunwa, vinyesi vidogo kama punje za mchele mweusi, majani na maganda ya karanga.
6. Kabla ya kufunga, hakikisha hujasahau kitambaa au glavu juu ya injini.

Zulia lenye vumbi tu halihitaji kubadilishwa. Lipitishie mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi laini, au kitambaa chenye unyevu kidogo. Usilipige maji ya presha. Yatalichana, na maji yatajaa ndani likawa zito na kuvuta klipu.

Ukilazimika kulibadilisha

Hii ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe nje ya nyumba bila kumlipa fundi. Vaa glavu, barakoa na shati la mikono mirefu, na watoto wadogo wakae mbali mpaka umemaliza. Ingiza bisibisi bapa chini ya kichwa cha kila klipu na uitoe taratibu. Klipu za zamani nyingi zitakatika, kwa hiyo nunua mpya pamoja na zulia. Kama zulia ni zima na klipu ndizo zimechoka, nunua klipu peke yake. Ni kitu cha bei ndogo sana kuliko madhara yake.

Unapoagiza, toa namba ya chesisi ili upate zulia la gari lako hasa. Umbo lake lina maana. Pale lilipokatwa au kubonyezwa ni ili lisiguse injini, na pale penye alumini ni ili likabili moto. Limekaa sawa kama linafuata mikunjo ya boneti bila kuvutwa, na boneti inafungika bila kusukumwa.

Usiweke badala yake sponji ya godoro, zulia la nyumbani, wala vitu vya kuzuia baridi vya kwenye kuta za nyumba. Sponji ya kawaida hushika moto haraka na hutoa moshi wenye sumu. Kama huna pesa ya zulia jipya mwezi huu, toa lile bovu na uendeshe bila. Utasikia kelele kidogo zaidi na rangi ya boneti itachoka mapema kidogo, lakini hutahatarisha roho ya mtu. Magari mengi madogo ya bei nafuu hutoka kiwandani bila zulia kabisa na huenda miaka bila tatizo.

Kwa anayenunua gari, au anayelipeleka nyumbani

Unapokagua gari lililotumika, iwe unanunua Birmingham kwa ajili ya masomo au unatafuta la kusafirisha hadi Mombasa au Dar es Salaam, zulia linaweza kukupa dokezo. Matundu madogo ya mviringo upande wa ndani wa boneti, bila zulia, yanaweza kumaanisha kwamba lilitolewa. Muulize muuzaji kwa nini. Jibu linaweza kuwa la kawaida, kwa sababu kampuni nyingi hutumia boneti moja kwa gari la bei ya chini na la bei ya juu, na la bei ya chini halipewi zulia. Lakini inawezekana pia boneti ilibadilishwa baada ya ajali, au zulia lilitupwa kwa sababu lililowa oili. Tazama basi boliti za bawaba za boneti kama rangi yake imechunwa, na kama rangi ya ndani inafanana na ya sehemu nyingine. Zulia jipya kabisa katika gari kuukuu nalo ni swali la kuuliza, si sifa ya kushangilia.

Ukiona moshi

Mkiwa njiani mkaona moshi au mkasikia harufu ya kuungua kutoka mbele, egesha pembeni, zima injini, toa kila mtu nje kwa upande usio na magari. Watoto kwanza, mizigo baadaye au isitoke kabisa. Sogeeni angalau mita 30. Usifungue boneti kutazama, kwa sababu hewa inayoingia ghafla huuchochea moto, na unaweza kukupiga usoni. Piga simu: 999 Uingereza, 112 nchi za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani na Canada, 9999 Oman, na 997 kwa zimamoto wa Falme za Kiarabu. Hakikisha watoto wakubwa wanaijua namba ya nchi mnayoishi kwa kichwa, si kwenye simu yako tu.

Wikiendi hii, kabla ya safari ya kwenda kwa ndugu au sokoni, fungua boneti na uhesabu zile klipu. Zikiwa zote mahali pake na zulia ni kavu, funga uende zako kwa amani. Zikipungua, usiahirishe hadi mwezi ujao. Bana lililolegea au toa lililooza siku hiyohiyo.